Utupu Unaosimamisha Gari

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Diploma nimepata. Sasa kila mtu anauliza nitafanya nini, nami natazama viatu vyangu. Shangazi yangu, tantine Scholastique, ananijibia: ushonaji! Mashine yangu iko tayari dirishani kwake. Aproni ya bluu ameikata kwa kipimo changu bila kuniuliza.

Mimi nataka garage ya mjomba wangu, tonton Floribert. Nimemwambia! Yaani nimeandika kwenye karatasi, nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Ameisoma mbele ya watu wote. Akasema sawa: hadi Jumamosi aone kazi moja ya mikono yangu, na asikie kwa mdomo wangu mwenyewe nilichofanya. Nikishindwa, Jumatatu ni aproni.

Mikono si shida. Mdomo!

Leo wameng'oa injini ya pick-up ya Mama Félicité, anayeleta samaki na wanawake wachuuzi kutoka Kasenyi, kule ziwani. Ya esansi, yaani petroli, imetoka; itaingia ya mazutu, yaani dizeli. Hiyo imetoka Mambasa, kwenye gari lililoangukiwa na mti. Ilivyoning'inia kwenye mnyororo, nzito, kimya, nilisahau kupumua. Halafu nikachora mipira yote ya injini ya zamani kwenye daftari, kila mmoja na mahali pake. Hubert, fundi wa tonton tangu sijazaliwa, akapita nyuma yangu. "Madame Professeur, ni nyoka njo unachora?"

Ataona!

Jumanne, tarehe 5

Injini ya mazutu imeingia asubuhi. Mpango: Hubert akienda kula, nifunge mpira wa breki peke yangu. Tonton atakuta kazi imekwisha. Hakutakuwa na haja ya kusema.

Nimefunga. Kama kwenye mchoro kabisa: kutoka servo, lile duara jeusi kama sufuria mbele ya pedali, hadi pale injini inapovuta hewa. Likabaki tundu moja nyuma ya dinamo. Kwenye mchoro halimo. Nikaliziba kwa kipande cha gunzi la mahindi. Limeingia barabara!

Saa nane tonton akawasha, akakanyaga. Pedali ngumu kama jiwe. Akainama kwenye dinamo, akachomoa gunzi, akaliinua juu kama padri katika misa. Akauliza ni la nani. Nikatazama mawingu. Hubert akasema labda ule mti wa Mambasa ulikuwa wa mahindi.

Jumamosi bado iko mbali.

Jumatano, tarehe 6

Siku kubwa! Tonton ameniita niweke kidole gumba kwenye lile tundu. Akawasha. Kidole kikavutwa! Hakuna jino, hakuna mkono, na bado kitu kinanivuta.

Akaeleza. Injini ya esansi inavuta yenyewe, ndiyo maana mpira wa zamani ulifungwa pale. Ya mazutu inapumua wazi, kwa hiyo imepewa pampu yake, nyuma ya dinamo. Pampu inanyonya hewa yote iliyo ndani ya servo. Hakubaki kitu. Ndipo hewa ya nje, hii tunayopumua bure, inasukuma na kuusaidia mguu.

Nikauliza... hapana, sikuuliza. Nilitaka kuuliza kwa moyo wote. Gari zima, wanawake, samaki, vyote vinasimamishwa kwa kuondoa kitu! Miaka yote ya fizikia, na hakuna aliyetuambia kwamba utupu una kazi hapa Bunia.

Kidole kina alama ya duara. Sijakiosha.

Ijumaa, tarehe 8

Hubert amefunga mpira kwenye pampu. Akakanyaga injini ikiwa imezimwa, mara nne, hadi pedali ikawa ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, akawasha. Pedali ikashuka yenyewe, taratibu, kama mtu anayekubali. Nywele zilinisimama.

Lakini nimeona kosa! Katikati ya mpira kuna clapet, kidude cheusi chenye mshale, kinachopitisha hewa upande mmoja tu. Mshale unatazama pampu. Jamani! Nguvu inatoka kwenye injini, inakwenda kwenye breki. Hubert ameugeuza. Jaribio limefaulu kwa bahati tu.

Hapa garage kuna sheria: aliyefunga breki anakaa mbele gari likishuka mteremko wa Kasenyi mara ya kwanza. Tonton anasema hiyo ndiyo garantie yake. Hubert amefua shati lake jeupe.

Mpango: kesho mapema nigeuze clapet, kisha nimwambie tonton nimeokoa watu. Nimejaribu mbele ya kioo. Mara ya kumi sauti imetoka kidogo.

Jumamosi, tarehe 9

Nimegeuza. Dakika tano.

Akaja Mama Félicité, wanawake wanne nyuma na mabeseni yao, Hubert mbele na shati lake. Tonton ananitazama, anangoja. Sentensi imepotea.

Mama Félicité akawasha, akakanyaga, akakunja uso. "Hubert, hii pedali iko nguvu. Ao muguu yangu iko nalala?" Hubert akamwambia gari bado baridi, italegea njiani.

Njiani! Kwenye ule mteremko! Nikatazama kidole changu. Kilivutwa *kuelekea* pampu. Hewa inatoka kwenye servo, haiingii. Mshale unafuata hewa. Ee Mungu wangu.

"SHUKENI!"

Ni mimi. Kuku walikimbia. Nikasema yote kwa pumzi moja: clapet, mchoro, gunzi, hata karatasi chini ya kikombe, ambayo walikuwa wanaijua. Mama Félicité akauliza kumbe huyu mutoto anaongea?

Tonton akanipa bisibisi. Nikageuza. Akanikalisha kwenye usukani: nikanyage, niwashe. Pedali ikashuka chini ya mguu *wangu*.

Tonton akasema sheria ni sheria. Hubert akashuka na shati lake. Nikapanda.

Siwezi kuandika vizuri nilichoona. Dunia inaisha ghafla, na chini kabisa ziwa limelala kama bati jipya. Kila kona Mama Félicité anagusa tu, kwa kandambili, na gari zima linatii. Hakuna kinachoonekana. Nililia kidogo. Akadhani naogopa, akanipa sambusa.

Jumapili, tarehe 10

Tonton amesema mikono imeonekana, na mdomo umesikika hadi sokoni. Nabaki! Sharti moja: nisiguse kitu kabla ya kusema. Nimeapa mbele ya tantine. Aproni amenipa hata hivyo, eti bluu inaficha oili. Hubert sasa ananiita Sirène, yaani king'ora.

Baada ya misa nimetazama chini ya gari la padri. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye kiyoyozi, umeachwa wazi, unadondosha maji safi. Maskini, hakuna aliyeuona!

Mpango: kesho, kabla padri hajaamka. Kumwambia mtu ni aibu, na kazi yenyewe ni ndogo sana.

Gunzi ninalo.