Eberhard Moosbrugger na Kijimtu Chekundu cha Detmold

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye kikombe akiweke chini, nisimulie siku Eberhard Moosbrugger, simba wa mizaha, mtunzi wa vitabu vya watoto, alipozuiwa njia na kijimtu chekundu kinachowaka kwenye taa ya kuvukia barabara mjini Detmold.

Ng'ambo ilisimama maktaba, na ndani yake watoto waliokuja kumsikia akisoma saa nne. Mara iliyopita alichelewa, akakuta wamekwisha kwenda zao. Bibi Quast, mkutubi, akamwapia: ukichelewa tena, kiti chako nampa mcheza vikaragosi. Na Eberhard alikipenda kiti kile kuliko sifa zote za dunia.

Barabara ilikuwa tupu, hata baiskeli haikuonekana. Shujaa akainua mguu. Loo! Kando yake alisimama ajuza Mechthild na mjukuu wake Enna, nyuma yao tarishi wa barua na mtu mwenye mbwa, na Mjerumani havuki taa nyekundu mbele ya mtoto, hata kama nyumba yake inaungua upande wa pili. Mguu ukarudi chini kwa aibu.

"Mbona yule bata bukini wako kitabuni anavuka popote?" Enna akauliza.

"Ndiyo maana ni bata," bibi yake akasema. "Wewe simama."

Eberhard akanyoosha mikono mbinguni. "Ewe kijimtu usiye na magoti wala huruma! Nimekukosea nini hata uninyime watoto wangu?"

"Bwana wee, unaongea na taa?"

"Naisihi, bibi!"

"Isihi tu. Sisi tumeota mizizi hapa."

Ndipo jicho la shujaa likatua kwenye kitufe cha nguzoni, kile cha kuiomba taa igeuke kijani. "Bibi, mlikibonyeza?"

"Sisi? Si tulimkuta tarishi amesimama!"

Tarishi akatazama viatu vyake. "Mimi nilimkuta huyu mwenye mbwa."

"Msinisingizie," akasema mwenye mbwa. "Mimi sivuki. Namsubiri huyu amalize kunusa nguzo."

Hapo Eberhard akachomoa kidole kutoka kwenye glavu kama upanga alani, akashambulia. Chekundu kikaanguka, cha kijani kikainuka, na jeshi zima likavuka, mbwa akiwemo.

Akamkuta Bibi Quast amekwisha kukinyanyua kiti, miguu ya kiti ikining'inia hewani. Kengele ya kanisa ikaanza kulia saa nne.

"Haya, kaa," akasema Bibi Quast, akakiweka chini.

Akaketi, moyo ukimwimbia, watoto wakamsogelea hadi magotini. Basi historia ya Detmold na ikumbuke: wengi walisimama, mmoja akabonyeza.