Matairi ya Daktari wa Meno

Daktari wa meno alipoegesha pikipiki yake ya mbio mbele ya kliniki, aliizunguka mara tatu, akaipangusa tangi kwa leso, kisha akarudi nyuma hatua kumi aione vizuri. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi pancha, mtu mmoja aliweka kikombe chake cha chai chini na kumshukuru Mungu. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili anayependa chombo kiasi hicho, na ambaye bado hajajua kukisimamisha bila kukiangalia kwa hofu, ni riziki iliyoletwa mpaka mlangoni.

Mtu huyo aliitwa Upepo. Jina alilipata mwaka ule alipowauzia wenye magari hewa maalumu ya kujaza kwenye matairi, kutoka kwenye mtungi alioupaka rangi ya bluu. Ilikuwa hewa hii hii tunayoivuta sote bure, lakini wateja walirudi kusema gari limekuwa jepesi. Shule aliiacha mapema. Alichokuwa nacho ni kalamu mbili kwenye mfuko wa shati na miwani isiyo na namba, na kwa watu wengi hiyo ni shahada tosha.

Alivuka barabara, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akashusha pumzi.

"Kuna nini?" daktari akauliza.

"Hakuna kitu, bosi. Endelea tu na kazi. Una watoto?"

"Wawili. Wakubwa sasa."

"Afadhali wakubwa."

Daktari akavua glovu. Upepo akamwonyesha namba nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi. "Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya tairi." Hilo lilikuwa kweli kabisa, Upepo alianza kila kazi na kweli moja, kama mtu anayetandika kitambaa kabla ya kumwaga mchuzi. "Haya yako muda wake umekwisha. Nje mazima, ndani biskuti." Hilo lilikuwa uongo. Matairi yale yalikuwa na miaka miwili na afya nzuri kuliko mwenye nayo.

Mchana ule ule daktari alikwenda duka kubwa la matairi, akasikia bei, akatoka bila kuaga. Huyu alikuwa bahili anayewasha taa ya kiti baada ya mgonjwa kufungua kinywa. Aliporudi, Upepo alikuwa bado yuko pale pale, kwa bahati tu.

"Kuna jozi moja," Upepo akanong'ona. "Ya timu ya mashindano. Imetoka bandarini kwa njia ambayo mimi na wewe hatuna haja ya kuijua."

Hapa ningependa kusema kwamba daktari alishtuka. Alikuwa mtu wa heshima, aliyewalea watoto wake kwa mihadhara mirefu kuhusu uaminifu. Alichouliza ni kimoja: "Nusu ya bei ya dukani?"

"Nusu. Na haya ya zamani niyachukue nikayaharibu, yasije yakamdhuru mtu."

Upepo aliyaharibu kwa kumuuzia mpeleka vifurushi hata kabla hayajafunguliwa kwenye pikipiki. Ile jozi ya mashindano aliitoa jalalani. Ilikuwa vipara viwili. Aliichonga mistari mipya kwa kisu cha moto, akakwangua namba kwa msasa, akaing'arisha kwa rangi nyeusi ya viatu. Asubuhi fundi pancha aliifunga. Fundi aliiangalia, akaipapasa, kisha akaomba alipwe kabisa kabla hajaanza.

Saa ya chakula alikuja mke wa daktari, mwenye duka la dawa mlango wa tatu. Alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Tarehe yake iko wapi?"

"Ya mashindano hayawekwi tarehe, shemeji," Upepo akajibu. "Yanatumika haraka."

"Mimi kutwa nasoma tarehe. Chupa ikikwanguliwa tarehe, naitupa." Kisha akatabasamu. "Lakini najua dawa tu. Mume wangu, mzungushe mtaalamu wako kidogo. Aliyechagua ndiye aonje kwanza."

Upepo akataja goti. Akataja presha. Akataja mkwe wake aliyelazwa, ingawa hakuwahi kuoa. Daktari, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kumpakia yeyote, alikuwa ameshamvisha helmeti. Wagonjwa wawili walichungulia dirishani na pamba midomoni. Fundi pancha alisimamisha kazi. Kukataa mbele ya macho yale kulikuwa kujifungia biashara mtaa mzima. Upepo akapanda.

Kufika kona ya kwanza alikuwa amekishika kiuno cha daktari kama mtoto mgonjwa.

"Bosi, polepole. Matairi mabovu."

"Yana nguvu, eh?" daktari akapaza sauti ndani ya helmeti, akaongeza mwendo.

"Nimesema mabovu. Ya jalalani. Nimeyachonga mwenyewe kwa kisu."

"Hata mimi nimeyapenda."

Mbele ya sehemu ya kuoshea magari maji ya sabuni yalikuwa yametapakaa barabarani. Gurudumu la nyuma lilikwenda kulia, la mbele likabaki na mawazo yake, na Upepo akakiri kwa sauti ambayo waoshaji wote waliisikia: jalala, kisu, rangi ya viatu, hata mtungi wa bluu ambao hakuna aliyeuulizia. Pikipiki ikalala taratibu kwenye majani. Walioumia ni suruali ya daktari na sifa ya Upepo mtaani.

Mke wa daktari alipigiwa simu, akafika kwa teksi, akawakagua wote wawili mikono na miguu, akaridhika. Mistari ya kisu ilikuwa imeachana, na ndani yake nyuzi zilikuwa zimetokeza nje.

"Haya yangekuua," akamwambia mumewe.

Daktari akamgeukia Upepo. "Mwizi mkubwa wewe."

"Wewe je? Si ulidhani ni ya wizi ukayanunua?"

Daktari akaanza kuchunguza sana kioo cha pembeni. Mkewe akamwendea Upepo karibu, akasema kwa upole ule wa kumweleza mtu namna ya kumeza vidonge. "Bwana, kituo cha polisi ni mtaa wa pili. Duka la matairi ni hili hapa. Chagua, maana kuchagua ni kazi yako."

Wakaisukuma pikipiki mpaka dukani. Mke mwenyewe ndiye aliyesoma saizi, akalinganisha wiki na mwaka, akayakataa ya mashindano ambayo mumewe alikuwa ameshaanza kuyapapasa. "Hayo yanataka yapate moto ndipo yashike. Wewe unakwenda kazini na kurudi nyumbani. Tupe ya safari za kawaida, yanayoshika kwenye mvua." Upepo akalipa. Ilibidi atoe pesa ya daktari, ya mpeleka vifurushi, na yake ya soksini. Risiti ikaandikwa jina la mke wa daktari.

Alirudi benchini kwa miguu, akajiambia kwamba angalau mambo yameishia hapo.

Lakini daktari wa meno ana wasikilizaji ambao hawawezi kumkatiza. Wiki nzima aliwasimulia watu waliofungua vinywa jinsi alivyompata mtaalamu, na alipofika sehemu ya jalala na majani aliiruka, akaenda moja kwa moja kwenye duka na matairi mapya ambayo mtaalamu aliyalipia mwenyewe.

Jumatatu, Upepo alikuta pikipiki nne zimepangwa mbele ya fundi pancha, wenyewe wakiwa wamesimama kando, wasafi, wenye meno mazuri.

"Ndiye huyu," mmoja akawaambia wenzake. "Anachagua, halafu analipa mwenyewe."