Ombi la Kumwondoa Mume Wangu katika Darasa la Kikantoni

Kwa Mkuu wa Kituo cha Lugha,

Salaam nyingi, na uniwie radhi kwa kukupotezea muda. Mimi ni mke wa yule mtunza stoo wa kiwanda cha vitanda, mwanafunzi wako wa jioni anayekaa karibu na dirisha na havui kofia. Alianza Kikantoni hatua ya kwanza kwa sababu bosi wake mpya ni Mchina anayezungumza lugha hiyo. Naomba afukuzwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa, mume wangu hakuwahi kunishukuru kwa chakula. Akimaliza husukuma sahani mbele, nami naelewa. Tangu aje kwenu, anaishika kwa mikono miwili, ananitazama usoni na kusema jambo refu kwa sauti ya upole. Nilidhani ananilaani. Nikachungulia daftari lake (lilikuwa karibu wazi) nikakuta tafsiri: asante, umejichosha kwa ajili yangu. Mtu mzima mimi, nikashindwa kuosha vyombo.

2. Hagombani tena. Juzi nilimvaa kuhusu bomba la jikoni linalovuja tangu mwaka jana. Zamani angenijibu kwamba yeye si fundi bomba, nami ningejua pa kuanzia. Safari hii alitafuta jibu katika masomo manne aliyofikia, akaniuliza kwa Kikantoni kama nimekula, na kama nimechoka niketi. Nikaketi. Bomba bado linavuja.

3. Nina malalamiko ya miaka yote hiyo, nimeyapanga vizuri kichwani, mengine sijayatumia hata mara moja. Sasa nimpelekee nani?

4. Dada yangu alikuja kututembelea, akaniambia mwanamume wa umri ule hawi mpole bure, nichunguze huko nje kuna nini. Nimechunguza. Kuna darasa lenu tu. Siku ya tatu nikasikia amemleta mumewe kwenu kujiandikisha. Kwa mwendo huu mtaa mzima utakosa watu wa kununiana, na wazee wanaotusuluhisha watakaa bila kazi.

5. Maneno yote yaliyomo kwenye daftari lile yanasemeka kwa Kiswahili. Nimehakikisha, moja baada ya jingine. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo naomba jina lake lifutwe kabla ya mtihani wa Ijumaa. Nisalimie mwalimu wake, mama anayefagia darasa na wanafunzi wenzake wote. Wake zao waambie wajiandae.

Wako mwenye masikitiko,
Mke wa mtunza stoo

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha nimesikia kwamba wanaofaulu hupanda hatua ya pili, ambako hufundishwa kukataa na kubishana. Tafadhali usimfute. Mfelishe tu, abaki hapo hapo. Na nitumie fomu moja ya hatua ya kwanza, kiti cha pembeni yake. Jana aliponiuliza kama nimekula nilitaka sana kumjibu, nikapekua daftari lote nisijue jibu liko ukurasa gani.