Ambulansi na Mpango wa Panda

Ulikuwepo, usinikatalie. Ulikaa meza ya dirishani kwenye mkahawa wa Bi Sokha, Jumanne hii hii asubuhi, umeinamia donati yako kama mtu anayesoma wosia. Verlon Pruitt alipouliza nani atakwenda kikaoni jioni, ukageuka kutazama magari nje. Basi ngoja nikusimulie ulichojifanya hukukisikia.

Gazeti la wilaya lilikuwa mezani. Ukurasa wa kwanza wote: Harlow, timu ya shule yetu ya mpira wa Kimarekani, imefungwa nyumbani na Dunmore kwa pointi mbili. Ukurasa wa sita, chini ya tangazo la matrekta, mistari minne: leo makamishna wanapiga kura kuiondoa ambulansi ya Harlow. Ukizidiwa, utafuatwa na ile ya Dunmore. Verlon alikuwa ameanza na ukurasa wa sita. Wenzake watatu wa mezani hawakuwa wamevuka wa kwanza.

"Jaribio la nne, la mwisho," alisema Hoyt, tunayemwita Takwimu kwa sababu ana daftari la kila mchezo tangu mwaka '81. "Zimebaki yadi mbili tu kufika mstarini. Mwenye akili timamu anafanya nini?"

"Anampa mpira yule bonge wa akina Kessler, anainamisha kichwa, anapita katikati," alijibu Shemasi, akichovya donati kwenye kahawa. "Sisi ni watu wa panda. Wakimbiaji watatu nyuma, wamesimama kama panda ya manati. Unavuta, unaachia. Sasa huyu kocha katawanya vijana uwanja mzima kama mbuzi waliokata kamba, halafu anarusha. Anamrushia nani? Mpwa wangu, ambaye hata kijiko kinamponyoka."

"Wazee nanyi," alidakia Diseli, fundi wa malori, mtetezi pekee wa kocha. "Dunmore walijaza watu tisa katikati. Huyo bonge angepita wapi, chini kwa chini kama fuko?"

"Angepita juu yao."

"Na goti lake lile?"

"Jamani," alisema Verlon, "ukurasa wa sita."

"Tutafika, Verlon. Tumalize kwanza wa kwanza."

Mwezi wa tatu mke wa Verlon, Nadine, alianguka jikoni, moyo umegoma. Ambulansi ilifika kwa dakika nane, ikamwahi. Verlon alizihesabu kwa saa ya ukutani, amepiga magoti. Kutoka Dunmore ni dakika arobaini na tano, barabara ikiwa kavu.

"Takwimu, hebu fungua '88," Verlon alisema.

"Nusu fainali. Panda mwanzo mwisho."

"Mwaka huo makamishna walifunga wodi ya wazazi. '97?"

"Mabingwa wa kanda."

"Wakamwondoa daktari. 2009?"

"Ule msimu wa mvua."

"Duka la dawa. Kila mara kikao kiliwekwa wiki ya kelele za mpira, na kila mara tulikuwa hapa hapa tukichora mishale kwenye karatasi za kufutia mikono."

Diseli alijikuna shingo.

"Hiyo '97," Shemasi alisema taratibu, "ilikuwa panda, au tulishaanza kutawanya?"

"Panda."

"Nilijua tu."

"Kikao ni saa kumi na mbili jioni," Verlon alisema.

"Bahati mbaya. Saa hiyo Kocha anatuonyesha mkanda wa mchezo."

"Mkanda huwa unaonyeshwa Jumatatu usiku. Nani aliomba uhamishwe?"

Wote watatu walitazama dari. Walikuwa wameandika barua na kuitia sahihi, kwa kuwa Jumatatu usiku wanaangalia mpira wa wachezaji wa kulipwa kwenye televisheni.

"Nadine tunamwombea kila Jumapili," Shemasi alijitetea.

"Leo mwombee kikaoni, umenyoosha mkono."

Hapo Verlon akatoa karata yake ya mwisho. "Kanuni mnaijua. Bila ambulansi kando ya uwanja, hakuna mchezo. Na Ijumaa Dunmore nao wanacheza kwao, yao hawatatuazima. Wakiiondoa hii, Harlow haichezi tena nyumbani."

Hata Bi Sokha alizima mashine ya kukandia unga. Diseli aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Verlon aliona macho yote yamemgeukia, akavuta pumzi.

Takwimu alilowesha kidole, akafunua kurasa. Akajumlisha, akajumlisha tena.

"Ugenini, tukicheza panda," alisema, "katika kila michezo kumi tunashinda minane. Nyumbani mitano."

"Acha bwana."

"Imeandikwa hapa."

"Kumbe nyumbani ndiko kunakotuponza," alisema Diseli, na huyo ndiye aliyekuwa mtetezi wa kocha.

Shemasi alisimama, akavaa kofia, akampiga Verlon begani kwa upendo. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Lazima Kocha alisikie hili leo." Wakatoka wote watatu, wakigombania nani atalisema.

Bi Sokha alikuja kufuta meza. "Mlango gani?" aliuliza.

"Jengo la mahakama. Mlango wa kaskazini."

"Nafunga mapema leo."

Hao ni wawili, yeye na Verlon, na makamishna ni watano. Wewe wa dirishani, umeshamaliza donati. Saa kumi na mbili jioni, mlango wa kaskazini. Kuna karatasi ya wanaotaka kusema. Andika jina lako kabla hawajafungua kikao. Inuka.