Stuli Iliyooa Meza

Leo nimeaibika, wenzangu. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya shemeji yangu aliyetoka Bungoma, mbele ya darasa zima la kuchomelea, na kwenye simu pia.

Mnajua humu kwenye kikundi mimi huwa nasoma tu. Tangu tumzike Barasa mwaka jana sijaandika hata "amina". (Mnisamehe. Niliwasoma wote, hata wale wa kutuma maua kila asubuhi.) Lakini hili nikilikalia peke yangu litanivimba tumboni, kwa hiyo nawaandikia.

Kwa wale wapya: Barasa, mume wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea huku kwetu Namuwongo, Kampala. Milango, madirisha, vitanda vya chuma. Aliugua wiki mbili tu, akaondoka. Mimi nauza sukuma wiki na nyanya ninazochukua Kalerwe. Aliacha mashine yake ya kuchomelea. Niliiweka chumbani, upande wake wa kitanda, nikaifunika leso ya kujifunga. (Ile leso yangu nzuri. Msiniulize.)

Kwao Bungoma, mwaka ukiisha, vitu vya marehemu hugawanywa. Nguo huenda kwa ndugu, viatu kwa anayetoshwa. Vifaa vya kazi haviwekwi kuangaliwa. Huenda kwa mtu wa nyumba hiyo atakayevifanyia kazi, na wazee walikuwa wamemchagua binamu yake ambaye ni fundi kule nyumbani. Mama mkwe aliponipigia simu kuniambia hivyo, mdomo wangu ulijibu kabla yangu: "Mashine iko kazini huku. Mimi mwenyewe najifunza."

Siku hiyo sikuwa najifunza kitu. Nilienda kujiandikisha kesho yake.

Chuo chenyewe kiko Bukoto. Ni banda la mabati lenye meza tatu za chuma na wanafunzi tisa. Mwalimu wetu ni Okello, mtu wa Gulu, zamani alikuwa fundi wa magari jeshini. Hii ni wiki yangu ya tano. Wiki ya kwanza rodi ya kuchomelea ilikuwa ikinigandia kila nikigusa chuma. Wiki ya tatu nilitoboa paipu matundu hadi Okello akaniuliza kama natengeneza filimbi. Lakini wiki hii nilikuwa nimeanza kushikisha vyuma vikashikana.

Basi mama mkwe akatoa uamuzi. Shemeji Simiyu, kaka mkubwa wa Barasa, aende Kampala aone kwa macho yake. Nikiweza, mashine ibaki kwangu. Nisipoweza, arudi nayo. Na siku ikawa leo.

Shemeji alifika saa nne, amevaa koti na kofia, ana mwavuli mkononi. Ni mrefu sana. Nakato, msichana tunayetumia naye meza moja, alimtazama kutoka chini kwenda juu akaninong'oneza, "Nyabo," yaani mama kwa Kiganda, "huyu shemeji yako iko kama nguzo ya stima."

Okello akamkaribisha vizuri. Akanipa kazi ya kuonyesha: stuli. Unaanza na fremu ya mraba ya pale pa kukalia. Unailaza mezani kichwa chini, unachomelea kona nne, kisha unasimamisha miguu juu yake. Ukimaliza unageuza, mtu anakaa. Nilikuwa nimeshatengeneza mbili. (Moja ilikataa kusimama. Ya pili ilisimama ikiegemezwa ukutani.)

"Nitaona kila kitu," shemeji akasema, akasogea hadi mezani.

"Mzee, hapana," Okello akamwambia. "Hii moto iko kali. Itakula macho yako."

"Nimetumwa kuangalia."

"Ukiangalia hii, hata njia ya kurudi kwa hao wamekutuma hutaona."

Maski za chuo za kukinga macho ni mbili. Moja nilikuwa nimeishika mimi, ya pili imepasuka kioo. Kwa hiyo shemeji, aliyesafiri kutoka Bungoma kuja kunitazama, akageuzwa kuangalia mabati. Alisimama pale na mwavuli wake kama mwanafunzi aliyechelewa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Okello kila siku anatuimbia wimbo mmoja. Kabla ya kuchoma, inua kazi: weka vipande viwili vya chuma chini ya fremu isiguse meza, kwa sababu meza nayo ni chuma, na moto haujui ipi ni kazi na ipi ni meza. "Kazi ikilala kwa meza," husema, "itaoa meza." Nilikuwa nimeviweka vile vipande. Lakini kimoja kilikuwa kinene kuliko mwenzake, na fremu ikawa inayumba. Nikaona kazi ya kuyumbayumba itaniaibisha shemeji akigeuka. Nilitaka ionekane imelala vizuri, kazi ya fundi.

Nikaviondoa vyote viwili, Okello akitazama upande wa shemeji.

Nikashusha maski. Nikachoma kona ya kwanza. Wenzangu, ilinikubali. Ilikuwa inalia vizuri, kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Kona ya pili, ya tatu, ya nne. Nikasimamisha miguu, Nakato akanishikia huku ameangalia pembeni, nikachoma.

"Bado?" shemeji akauliza mabati.

"Bado kidogo, shemeji."

Nilipomaliza nikagonga lile ganda jeusi kwa nyundo, nikatazama. Kwa mara ya kwanza mstari wangu haukufanana na mavi ya kuku. Nilisikia kitu kifuani ambacho sijakisikia mwaka mzima. Nikasema moyoni, Barasa, ona. Nikashika miguu miwili niigeuze stuli isimame.

Haikugeuka.

Nikavuta. Mguu wa meza ukanyanyuka na kurudi chini, tuu. Nikavuta tena, meza ikanifuata. Ile stuli ilikuwa imelala chali, miguu minne juu kama mbuzi aliyekufa, na meza haitaki kuiachia.

Nakato akainama akachungulia kona. "Banange, jamani," akasema polepole. "Imeoa."

"Nigeuke sasa?" shemeji akauliza.

"Bado, mzee," Okello akajibu haraka. "Moto iko." Moto haukuwepo. Alichukua tindo na nyundo akaanza kugonga kona moja taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Hiyo inayogongwa ni nini?"

"Inapambwa, mzee," Nakato akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa stuli. Nilikuwa nikiuvuta kila Okello akigonga.

Shemeji akachoka na mabati, akageuka mwenyewe. Akaja hadi mezani, akaizunguka ile miguu minne mara mbili. Akafunga mwavuli vizuri, akauweka chini. Akashika mguu mmoja kwa ile mikono yake ya jembe, akatikisa. Meza nzima ikatikisika. Nyundo ikaanguka, na rodi zikamwagika sakafuni.

"Hii imeshika," akasema. Alisema kwa heshima.

"Sisi hapa tunashikisha kwa meza kwanza," Okello akasema bila kupepesa. "Chuma isipinde na joto."

Niwe mkweli, wako mafundi wanaofanya hivyo. Wanagusa kidogo tu, tone moja hapa, tone moja pale. Hawafungi ndoa ya kanisani kwenye kona zote nne.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Na Barasa alikuwa akifanya hivi?"

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. (Hapo nilinyamaza. Kunyamaza kwangu mnakujua, na safari hii hakukuwa kwa huzuni.)

Akatoa simu, akapiga nyumbani. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huweka sauti ya nje. Banda zima likasikia mama mkwe akiitikia.

"Mama, ameweza," shemeji akasema. "Ametengeneza stuli. Imeshika hadi ukiitikisa, meza inatikisika nayo."

"Wewe umeona?"

"Nimeona." Akafikiri kidogo. "Nimesikia ikitengenezwa, kisha nimeona."

"Mpe simu mwenyewe."

Nikapewa simu. Ilikuwa na jasho la shemeji, nikaongeza langu.

"Mama Nafula."

"Ndiyo, mama."

"Umeiweza kazi ya Barasa?"

Hakuna aliyegonga chuma. Hata wale wa meza ya mbali walikuwa wamesimama. Nakato alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo. Okello alikuwa ameinua kidole gumba. Na neno "ndiyo" lilikuwa limeshanifika kwenye meno, siwafichi. Ningelisema tu, mashine ingebaki upande wake wa kitanda.

Lakini aliyekuwa ananiuliza ndiye aliyemzaa. Na juu ya mashine hiyohiyo nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa simu.

"Bado, mama," nikasema. "Nimeichomelea stuli kwenye meza. Haitoki. Sikukusudia."

Okello akashusha kidole gumba.

"Kwenye meza gani?"

"Ya chuo, mama."

"Meza ya watu?"

"Ndiyo, mama."

Kisha nikasikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka hadi mtu huko nyumbani akauliza kuna nini, naye akamweleza kwa Kibukusu, na huyo wa pili naye akaanza. Nilisimama nimeshika simu inayonicheka, sauti ya nje, mbele ya watu kumi.

Alipotulia akaita, "Simiyu, unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Njoo na mashine." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Mama Nafula, asante kwa kuniambia. Endelea kujifunza." Akakata.

Shemeji akachukua kofia yake akaitazama ndani. "Kwa hiyo," akasema, "muda wote huu nimeangalia mabati bure."

"Pole, shemeji."

"Mabati yenu yana kutu," akasema. Hakusema kingine.

Okello akaleta grainda akanipa mimi nikate, maana ukiozesha wewe, unatoa talaka wewe, ndivyo alivyosema. Nilikata kona zote nne huku cheche zikiniruka. Ilipotoka, Nakato aliikalia kuijaribu. Ilikuwa na nguvu kweli. Ilikuwa pia imeinama upande, kwa sababu kona moja ilibaki na meza.

"Nyabo," Nakato akaniambia nikivua glavu, "si ungenyamaza tu. Sisi wote tulikuwa tumeshakusaidia kudanganya."

Nikainama nikaokota rodi zilizomwagika.

Tukaenda Namuwongo na shemeji. Nilitoa leso, nikaikung'uta. Nyaya Barasa alikuwa amezikunja kwa namna yake, duara kubwa kisha anafunga kwa kamba ya kiatu, na sikuwa nimezifungua mwaka wote. Shemeji alitaka kuzifungua azihesabu, nikamwomba aziache hivyohivyo. Akaziacha. Tuliifunga mashine kwenye bodaboda ya kumfikisha kituo cha basi, yeye akakaa nyuma akiikumbatia, magoti yake marefu yametoka huku na huku, mwavuli kwapani. Majirani walitoka kutazama. Mmoja akaniuliza kama nimeiuza. Nikasema hapana, inaenda kwao. Ni kweli inaenda kwao.

Nawaambia kinachoniuma, kisha nimalize. Si meza. Jumapili mchana Barasa alikuwa akiitoa ile mashine nje ya mlango kurekebisha vitu vya majirani, na kila mara alikuwa akiniita. "Mama Nafula, njoo ushike rodi kidogo, nikufundishe." Mara nyingi. Siku ya mwisho kuniita nilimwambia nimesuka jana, moshi utaingia kwenye nywele. Akacheka, akashusha maski, akaendelea. Ningeenda hata Jumapili mbili tu, angeniambia mapema habari ya kuinua kazi. Na angeniambia vizuri, hakuwa mtu wa kelele.

Sasa nimekaa kitandani nawaandikia. Pale mashine ilipokuwa, sakafuni pamebaki mraba, pasafi kuliko nyumba yote. Nimeshapafagia mara mbili na hapana uchafu.

Kesho saa mbili narudi Bukoto. Okello amesema mashine ya chuo ipo, na meza mbili bado hazijaolewa.

Kwa hiyo funzo ni hilo, inueni kazi. Na ninyi mnaotaka kucheka, tafadhali msijisumbue, mama mkwe ameshacheka kwa niaba ya kikundi chote.