Kaa Mwenye Vinundu Saba

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo nimeukamata umaarufu kwa kibano! Kaa mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba, kaletwa hapa maabara ya makumbusho amejificha ndani ya sifongo. Mgongoni ana vinundu saba vyeupe. Saba! Nimekipekua kitabu cha utambuzi. Kinauliza paji lina meno mangapi, magando yanalingana, miguu ina nywele? Kwa yote hayo ni kaa wa mawe wa kawaida, wale wa kumwaga. Isipokuwa vinundu. Basi ni spishi mpya, na mgunduzi ni mimi.

Bwana Konokono (ndivyo ninavyomwita mtaalamu wa konokono wa chumba cha pili) ana spishi mbili za konokono zilizopewa jina lake. Hakuna chai inayonyweka bila konokono hao kutajwa. Ngoja aone.

Kaa nitampa jina la binti yangu. Mama yake alipofariki tulibaki wawili. Alipoolewa, nikabaki na chupa mia tisa za vielelezo kwenye spiriti. Miezi minane sasa hajakanyaga kwangu. Kaa akiwa na jina lake, atakosaje kuja kumwona?

Jumanne, tarehe 5
Nimempigia binti. Akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo (uongo). Nilipomweleza kuhusu kaa atakayeitwa kwa jina lake, akauliza kwani maua yameisha. Nikamtajia sifa za kaa: mchapakazi, ana msimamo. Akasema mtoto analia, atapiga baadaye. Hakupiga. Simu nimeiweka kando ya tangi la kaa na sifongo yake, isije ikalia nisisikie.

Mkurugenzi naye kanikata maini. Anasema kaa mmoja hatoshi kuthibitisha spishi mpya, nilete wa pili.

Jumatano, tarehe 6
Maji yamekupwa, nimeshinda nikigeuza mawe. Kaa wa kawaida arobaini. Kubanwa vidole mara sita. Mwenye vinundu, hakuna. Nimerudi nikamwambia wangu ukweli, kwamba yuko peke yake duniani. Hakula. Mimi pia sikula.

Alhamisi, tarehe 7
Muujiza! Nimefungua maabara, tangini wamo wawili! Mmoja ana vinundu vyake saba, katulia tuli. Mwingine hana hata kimoja, amejibanza nyuma ya jiwe. Nimeelewa papo hapo: mwenye vinundu ni dume, huyu ni jike, na siku zote hizi alikuwa ndani ya sifongo akiona haya. Machozi yamenilengalenga. Angalau mmoja wetu kapata mwenzake.

Nimewaalika Mkurugenzi na Bwana Konokono kesho saa nne. Binti nimemtumia ujumbe aje pia. Kajibu ataangalia.

Ijumaa, tarehe 8
Nilivaa koti la harusi yangu. Nikapanga viti vinne. Kimoja kikabaki kitupu.

Bwana Konokono akaomba amshike dume. Akamwinua kwa vidole viwili, akampuliza. Dume akapeperuka mpaka dirishani! Gamba tupu. Kaa wangu alijivua gamba, kama kaa wote wanavyofanya wakikua, jambo ambalo nimewaeleza wageni wa makumbusho kwa miaka kumi na tisa. Na vinundu? Bwana Konokono akavibandua kwa ukucha. Vidudu vya gamba, vile vinavyojibandika kwenye kila jiwe la pwani. Mkurugenzi akanipa pole kwa upole. Heri angecheka.

Wakaondoka. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kusema kweli, si kaa aliyeniuma. Nilitaka mtu akikalie kile kiti.

Jumamosi, tarehe 9
Binti kapiga mwenyewe! Kaomba radhi, mtoto alikuwa na homa, sasa kapona. Kasema kesho atakuja kunichukua nikashinde kwao. Mjukuu ameanza kutembea. Chumba cha wageni kipo, nikae hata wiki nzima. Sauti yake imekuwa ya mama yake kabisa. Nilikaribia kukubali.

Lakini asubuhi hii, kwenye chupa iliyosahaulika nyuma ya kabati, nimekuta kaa mwenye miguu tisa. Kaa wote wana kumi, ukihesabu na magando! Nimehesabu mara nne. Huyu atachukua jina la mjukuu. Nimemwambia binti asije kesho, nina kazi. Akiliona jina la mwanawe kwenye chupa, hapo ndipo atakuja kweli.