Amplifaya Iliyoongeza Kimya

Jumatatu, 18 Machi
Saumu ya saba. Maabara nzima haina kahawa wala sigara, kila mtu kanuna. Profesa wetu, Si Mokhtar (“Si” kwetu ni “Bwana”), katangaza: amplifaya moja tu itapanda kwenye antena ya setilaiti juu ya paa la chuo, na jina la aliyeiunda litabandikwa. Yangu au ya Raudha, mwenzangu wa maabara. Itakayoongeza kelele ndogo kuliko mwenzake kwenye mawimbi ndiyo mshindi. Mama keshawaambia majirani, nusu ya mji wa Sfax, kwamba ni yangu.

Nimeipima. Desibeli 0.8. Ya Raudha, 0.6. Miezi minne ya kuunguza vidole!

Jumanne, 19 Machi
Dawa imepatikana. Mashine ya kupimia ina mahali pa kuiambia kwamba kabla ya amplifaya kuna waya mbovu. Nayo, kwa huruma, hupunguza kosa la waya kwenye jibu. Nikaiambia waya unakula 0.5. Waya haupo. Jibu: 0.3! Si Mokhtar akaguna, akaandika. Nimefuturu kwa briki tatu, zile sambusa zetu za yai.

Jumatano, 20 Machi
Balaa. Nilisahau kuufuta uongo wangu kwenye mashine. Raudha kapima baada yangu: 0.1! Kashangaa mwenyewe, akaja kuniuliza kama nimegusa kitu. Nikamwambia niko na saumu, nitagusaje.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa. Lakini hiki changu mwenzangu anateka maji! Na siwezi kulalamika popote. Nimeudhika mpaka shorba, supu ya futari, imenishinda.

Alhamisi, 21 Machi
Kipimo cha mwisho, mbele ya wote. Nikawahi asubuhi, nikaongeza waya hadi 1.2. Hesabu sikupiga, njaa.

Jibu: 0.4 chini ya sifuri.

Sifuri ni amplifaya isiyoongeza kelele hata chembe. Hiyo bado haijaundwa na binadamu. Mimi nimeipita.

Si Mokhtar akavua miwani. “Mwanangu, hii yako inaongeza kimya?”

Nikasema niliiunda kwa uangalifu mkubwa.

Raudha akabonyeza vitufe viwili vya mashine, akasoma, akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko tusi. “Kaka Lotfi, huu waya uko wapi?”

Watu wakainama kuutafuta chini ya meza. Na mimi nikainama.

Zikapimwa upya. Yake 0.6. Yangu 0.8. Natamani paa lianguke.

Ijumaa, 22 Machi
Ya Raudha imepanda, na jina lake. Mama kaja na majirani watano kutazama kutoka barabarani. Nikawaonyesha antena, nikashukuru Mungu kwamba jina halisomeki kutoka chini.

Si Mokhtar kaniita. Antena ya pili itawekwa baada ya Idi, na nitaruhusiwa kushindana kama nimejifunza. Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia nimejifunza.

Na kweli. Nilikosea hesabu tu. 0.8 toa 0.7 ni 0.1, juu ya sifuri kabisa. Na safari hii waya nitauweka mezani, kila mtu auone.